Herufi Nane kwa Kila Kitufe

Mwisenge, Musoma
16 Februari 1997

Mwanangu Thadeo,

"Mashine haina lugha, Shangazi. Inajua umeme tu." Ndivyo ulivyosema siku ya Krismasi, mfupa wa sato mkononi, watu wakacheka, nami nikanyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa na wageni. Wageni wameondoka. Sasa nakujibu: si kweli. Umeme ni damu ya mashine, lakini amri inatoka kwa mtu, na inapita kwenye neno. Anayebonyeza kitufe husoma kwanza. Asiposoma hukisia. Akikisia karibu na chuma kinachosukumwa kwa nguvu ya mafuta, utakuja kunieleza kama mashine haina lugha.

Haya, u mzima? Dorotea anaendeleaje na ujauzito? Asinyanyue ndoo, mwambie nimesema mimi. Hapa sisi wazima. Binti yangu Dafroza ameanza kidato cha tatu kule bweni, anakushukuru kwa ada na anasema viatu vimemtosha. Mimi, tangu Elimu ya Watu Wazima watuambie tumepunguzwa, nafundisha watoto wa majirani barazani na kuandika barua kwa magazeti, ambayo hayazichapi. "Soko litatuongoza," wanasema wakubwa. Mimi limeniongoza hadi barazani kwangu, na hapo likaniacha.

Ulisema kampuni iliyonunua kiwanda cha pamba kutoka ushirika imekuachia wewe, fundi wa umeme, kuchagua kioo cha kuongozea mashine. Niandikie ni kioo gani. Usiniambie sitaelewa. Nimesoma vitabu vigumu kuliko kioo.

Shangazi yako,
Marcelina


Bunda
12 Machi 1997

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Dorotea hanyanyui ndoo, ananinyanyua mimi kwa maneno. Mvua za Bunda ni za kupimwa kwa kijiko, watu wa Guta wamepanda pamba mara mbili.

Habari ya kioo ni hii. Mashine yenyewe ni ile ya kushindilia pamba iliyochambuliwa, iwe robota. Unajaza boksi, mlango unajifunga, chuma kinashuka kushindilia, kisha mlango unafunguka, mtu anapitisha waya na kulifunga robota. Zamani iliongozwa na meza ya vitufe, nusu yake vimekufa. Sasa wameleta kisanduku kinaitwa PLC. Ndicho kinachofikiri: kinapima muda, kinaangalia swichi, kinaamuru mafuta yasukume. Lakini kisanduku hakina uso. Uso ndio paneli ninayotakiwa kuchagua.

Ziko mbili. Ya kwanza ni ndogo, ina mistari minne ya maandishi, na chini yake vitufe halisi. Ukibonyeza, kidole kinasikia. Ya pili ni kioo kitupu, kikubwa kama sinia la chai. Vitufe vimechorwa humo ndani, unagusa picha. Kinakubali hata glovu, hata kidole chenye grisi. Mbele kimezibwa, vumbi la pamba haliingii. Zote mbili zinaelewana na kisanduku chetu. Na hicho kikubwa kina kurasa, Shangazi, kama kitabu! Ukurasa wa kwanza kuanza na kusimama, wa pili kushindilia, wa tatu mlango. Nilikigusa Nairobi nilipopelekwa mafunzo, sikutaka kuondoa mkono.

Bwana Mihayo, meneja wetu, ameniambia: "Thadeo, chagua unachotaka. Ila chagua kikubwa."

Kuhusu lugha nimekubali umenishinda. Nimeomba maneno yawe ya Kiswahili, na Mihayo amekubali kwa sababu haimgharimu kitu. Wewe ndiye mwenye maneno, nitumie. Kitufe kimoja kinapokea herufi nane tu.

Mwanao,
Thadeo


Mwisenge
31 Machi 1997, Jumatatu ya Pasaka

Thadeo mwanangu,

Pasaka njema. Padri alihubiri kuhusu jiwe lililoviringishwa; mimi nilikuwa nawaza vitufe, Mungu anisamehe.

Umekubali, lakini usidhani nitakuacha upumzike. Maneno haya hapa: Anza. Simama. Shindilia. Inua. Funga mlango. Fungua mlango. Najua "shindilia" lina herufi tisa; huyo aliyeamua nane aliwahi kushindilia nini?

Sasa sikiliza mambo mawili. La kwanza: chagua ndogo. Kitabu ni changu mimi ninayesoma nimekaa. Mtu aliyesimama karibu na chuma hana muda wa kufunua kurasa. Akitaka kusimamisha mashine naye yuko ukurasa wa tatu, atafanya nini? Atalowesha kidole kwa mate?

La pili: ile meza ya zamani ilikuwa na kitufe chekundu kikubwa kama uyoga, cha kupiga kwa kiganja. Baba yako alinionyesha, enzi za ushirika. Hicho kibaki, uchague kioo chochote. Hakihitaji neno hata moja.

Na kabla hujaandika maneno yangu, nenda kwa wanaosimama pale. Waulize wao husemaje. Mimi nimetoa Kiswahili cha vitabu. Wao wana cha kazi. Usione aibu kuuliza.

Marcelina


Bunda
25 Juni 1997

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Dorotea amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Marcelina. Ana mikono mirefu kama yako.

Kioo kimefungwa wiki iliyopita, msimu unaanza Julai. Tulichagua kikubwa. Maneno ilibidi niyafupishe. "Shindilia" limekuwa BANA. "Funga mlango" limekuwa FUNGA. Kitufe chekundu kitawekwa baadaye, nyaya zake zilikuwa zimeoza na Bwana Mihayo anasema kioo kina kila kitu ndani yake.

Kimependeza sana. Watu wanakuja kukitazama tu.

Thadeo


Mwisenge
4 Julai 1997

Mwanangu,

Nimepiga vigelegele hadi jirani akaja na jembe akidhani nyoka. Mbusu wajina wangu.

"Tulichagua." Nani huyo "tu"? Nimefundisha sarufi miaka mingi. Mtu akifanya jambo asilolipenda, husema "tulifanya". Na "baadaye" ni lini? Uliwauliza wale wa kwenye mashine? Hujanijibu hata moja.

Marcelina


Bunda
20 Agosti 1997

Shangazi, shikamoo.

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Wajina wako anacheka, na anashika kila kitu: nywele, kijiko, kola ya shati langu. Dorotea anasema atakuwa fundi. Ada ya muhula wa pili ya Dafroza nimeshaipeleka. Pamba mwaka huu si nyingi, wanunuzi ni wengi kuliko pamba, wanagombana barabarani. Umeme ni wa mgao, tunatumia jenereta.

Sina jingine.

Thadeo


Mwisenge
7 Septemba 1997

Thadeo,

Huna jingine?

Jumanne iliyopita nilikuwa stendi ya Musoma, nikamsikia mama mmoja akisimulia: kijana wa Butiama amekatwa mkono na mashine ya pamba Bunda, tangu mwisho wa Julai. Barua yako ni ya tarehe ishirini Agosti. Ina kijiko, ina kola ya shati.

Alhamisi nilikwenda Butiama. Nyumba haikuwa ngumu kuipata, kila mtu ananyoosha kidole. Clementi alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, mkono wa kulia unaishia kwenye kitambaa. Mama yake, Shida, akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Ni shangazi yake Thadeo, yule fundi wa umeme."

"Aa, yule," Clementi akasema. "Alikujaga mara moja. Alisimama hapo mlangoni, akaacha sukari, akaondoka chai haijachemka. Mwambie chai ya kwetu haina sumu."

Nikauliza habari za mwenzake, mwendesha mashine aitwaye Kwangu, wa Guta. Je, alikuwa amelewa? Ndivyo wanavyosema stendi.

"Kwangu? Kwangu hanywi hata togwa iliyolala! Mama, sikiliza. Mlango ulikuwa wazi, mimi nafunga robota. Waya ukanasa, ukanivuta mkono ndani, na chuma juu bado kinashuka polepole. Nikapiga kelele, 'Funga! Funga, Kwangu!' Akafunga." Akatazama kitambaa. "Nilisema funga, akafunga. Nimlaumu kwa kunitii?"

Niliomba maji ya kunywa.

Wewe umezaliwa huku, sihitaji kukufafanulia, lakini nitakufafanulia. Kwangu alikuwa akiendesha mashine ya kusaga kule Guta. Kule kufunga mashine ni kuizima. Hata mimi hapa nikimwambia Dafroza "funga redio", hainuki kutafuta mlango. Clementi alimaanisha zima. Kwangu alisikia zima. Kidole chake kikaenda kwenye neno alilosikia, likiwa limeandikwa mbele yake kwa herufi kubwa, na mlango wa chuma ukaja.

Uliwauliza au hukuwauliza? Safari hii nijibu hilo tu.

Marcelina


Bunda
2 Oktoba 1997

Shangazi, shikamoo.

Sikuwauliza. Nilifika kwenye mashine nikiwa na karatasi yako mfukoni, nikawakuta wanakula. Nikaona nitawasumbua. Halafu niliona pia, nisikufiche, kwamba ningeonekana fundi aliyetoka Nairobi akiuliza maneno kwa wafunga robota.

Kitufe cha SIMAMA kipo. Kipo ukurasa wa kwanza. Wao walikuwa ukurasa wa tatu. Kwangu alipaswa kugusa RUDI mara mbili, kisha SIMAMA. Nimejaribu mwenyewe mashine ikiwa haina kitu, nikiwa nimetulia, mkono wangu uko salama. Hata hivyo ni muda mrefu.

Baada ya Clementi kupelekwa hospitali nilibandika karatasi juu ya neno, nikaandika MLANGO kwa kalamu. Bwana Mihayo akaibandua. Nikamwambia tubadilishe neno ndani ya kioo. Nenosiri analo fundi wa Nairobi, sisi hatuwezi kugusa, lakini akipigiwa simu anakuja. Mihayo akaniambia, "Thadeo, tukibadili neno tumekiri."

"Tumekiri nini, mzee?"

"Kwamba lilikuwa baya."

"Si ni baya?"

"Mimi ni Msukuma, Kiswahili cha shule. Kwa upande wangu funga ni funga."

Neno lipo mpaka leo. Kila zamu mtu mwingine anasimama mbele yake. Ninapotembea kiwandani nasikia "funga" kumi kwa saa, na kila moja nageuka kutazama ule mlango.

Kwangu aliwekwa ndani, akatoka kwa dhamana. Atashtakiwa kwa uzembe. Kampuni imeandaa taarifa ya ufundi: kwamba paneli ni nzima, ilichaguliwa kitaalamu, na mwendeshaji alibonyeza kitufe kisicho sahihi. Inataka sahihi tatu: ya Renatus msimamizi wa zamu, ya Felisian wa usalama, na yangu. Wenzangu wameshasaini. Kila neno lililomo ni kweli, Shangazi. Ndiyo maana inanitisha.

Mke wa Kwangu, Mhoja, hunisubiri langoni jioni. Ananisalimia tu, "Shikamoo fundi," mwanamke aliyenizidi umri.

Kwa mkataba wa mafunzo siwezi kuacha kazi kwa miaka mitatu. Wao wanaweza kuniacha kesho. Nyumba ni ya kampuni. Viwanda vingine vinauzwa au vimeshakufa, mafundi wako barabarani wanauza mitumba. Nikikataa, Dorotea na mtoto watakwenda wapi? Na Dafroza atarudi nyumbani kidato cha tatu hajamaliza. Sikutaka kukutaja wewe katika jambo hili lakini umo.

Thadeo


Mwisenge
12 Oktoba 1997

Thadeo mwanangu,

Salamu nyingi kwa Dorotea na wajina.

Dafroza ameshakwisha kurudi. Nilimtoa bweni Septemba, wiki niliyotoka Butiama. Anasoma nami barazani usiku, mchana anauza dagaa. Amenuna, na ana haki. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utatuma ada tena. Usiitume. Mimi nisiwe sababu yako. Hiyo moja nimekuondolea. Nyingine ziko mikononi mwako na sizidharau. Mtoto mchanga si hoja ya kubishana nayo.

Lakini usiniambie kila neno la taarifa ile ni kweli. "Kitufe kisicho sahihi"! Kisicho sahihi kwa nani? Mtu aliambiwa funga, akatafuta funga, akagusa funga. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kusoma kwa usahihi kuliko huo. "Ilichaguliwa kitaalamu"! Ilichaguliwa na sentensi moja: chagua unachotaka, ila chagua kikubwa. Uandike hiyo, ndiyo taarifa ya ufundi.

Usitie sahihi. Kama huwezi kufanya lolote mbele yao ila kukohoa, kohoa, lakini usitie sahihi. Hamieni hapa. Vyumba ni viwili na paa linavuja upande mmoja. Tutalala upande wa pili.

Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho, posta siiamini.

Marcelina


Bunda
9 Novemba 1997

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana. Mvua hizi zilikata barabara, basi lilizama kwenye tope, kondakta akaenda nayo kwao, akaisahau kwenye koti.

Nilisaini tarehe ishirini na saba Oktoba. Mihayo aliniita ofisini, karatasi iko mezani, kalamu imefunguliwa. Hakunitisha. Aliniuliza habari za mtoto.

Kesi inaanza kusikilizwa Jumatatu, tarehe ishirini na nne. Kwangu amekutana nami sokoni, akasema, "Fundi, mimi sikukosea, eti? Wewe ndiye unakijuaga kile kioo. Utawaambia." Hajui kwamba nimeshaandika. Nikamjibu tutaonana.

Usiwe na hasira na Dafroza akinuna.

Thadeo


Mwisenge
16 Novemba 1997

Kwa Thadeo, na kwa Renatus na Felisian wa kiwandani Bunda, ambao sijawahi kuwaona,

Ninawasalimu nyote watatu, na nyumba zenu. Barua hii nimeiandika mara tatu kwa mkono, kila mmoja ana yake, na Dafroza anazileta mwenyewe ili pasiwepo koti la kusahauliwa ndani yake. Mpeni maji ya kunywa, ametembea kwenye tope.

Mnasema, na najua mnasema kwa sababu ndivyo watu husema, kwamba sahihi si neno, ni alama tu, na kwamba bila alama yenu Kwangu angeshtakiwa vilevile. Si kweli. Hakimu hajui kioo. Akiletewa karatasi yenye mafundi watatu chini yake, ataamini mafundi. Nyinyi ndio kesi yote.

Hesabu ya makosa ni fupi. Neno lilitoka kwangu mimi, kitabuni, nami nilijua mnavyosema huku. Alilikata Thadeo, bila kuuliza. Kitufe chekundu alikataa kisirudishwe Mihayo, na Felisian wa usalama alipita hapo kila siku akaona tundu lake. Renatus alipanga zamu mbele ya kioo ambacho hakuna aliyefundishwa kurasa zake. Watu watano tuko huru tunakula ugali. Kwenye taarifa kuna jina moja tu, la mtu aliyefanya alichoambiwa na mwenzake anayeumia, kwa haraka, bila kusita.

Thadeo baba yangu, sina hasira nawe. Najua ulivyobanwa, na najua kwamba mkikiri huenda mkatolewa kazini kabla jua halijazama. Sina cha kuwalipa zaidi ya vyumba viwili na paa linalovuja. Sitawadanganya kwamba haki inaleta chakula.

Lakini usiku huu zamu iko kazini, na mtu mwingine anafunga waya, na mwendeshaji mwingine anasikiliza sauti yake.

Kwa hiyo nawadai, Thadeo, Renatus na wewe Felisian, kwa majina. Kabla ya Jumatatu ya tarehe ishirini na nne, andikeni kwa mkono wenu kwamba mnaondoa sahihi zenu, mpeleke karatasi hiyo mahakamani, siyo kwa Mihayo. Kisha muingie wote watatu siku ya kesi, msimame mbele ya hakimu na karani na kila aliyekuja kusikiliza, mtamke "funga" kwa sauti ya mtu ambaye mkono wake umenaswa, na mumuulize hakimu yeye angezima au angefunga mlango.

Marcelina